Kilo mbili na nusu: namna ya kufuata programu moja ya nguvu na pumzi mpaka uone umepiga hatua

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mazoezi umeandikwa hivi: "Jumatatu, saa 11 jioni. Skwati, nondo tupu, kilo 20. 5, 5, 5. Magoti yanatetemeka." Ukurasa wa mwisho, wiki 16 baadaye: "Skwati, kilo 50. 5, 5, 5. Ya mwisho ilisita katikati, ikapanda." Skwati ni kuchuchumaa na kusimama ukiwa na nondo mabegani, nondo ni chuma kirefu kinachovishwa sahani za uzito, na 5, 5, 5 ni seti tatu, yaani mafungu matatu, ya mara tano. Yote nitakayokueleza hapa yametoka kwenye kurasa zilizo kati ya hizo mbili.

Nina miaka 39, watoto wawili, na kazi ya uhasibu hapa Morogoro, kazi ya kukaa kitako tangu asubuhi hadi jioni. Mazoezi nilishayaanza na kuyaacha mara nyingi. Wiki hii naruka kamba, wiki ijayo nakata tumbo, halafu shoga yangu ananitumia video ya zoezi jipya nami naliparamia. Uvivu haukuwa tatizo, kwa maana jasho nililitoa la kutosha. Tatizo ni kwamba sikuwahi kurudia jambo lilelile muda wa kutosha nikajua kama mwili wangu umebadilika au la. Mwongozo huu nimemwandikia mtu aliye pale nilipokuwa: ana nia, ana saa moja ya kutoa mara chache kwa wiki, ila hajui aanzie wapi na atajuaje kwamba anasonga mbele.

Hatua ya 1: Pima presha kabla ya kununua viatu

Nenda zahanati au duka la dawa lenye kipimo, kaa dakika tano umetulia, pima presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upime tena, na ikibaki hapo muone daktari kabla ya kugusa chuma kizito. Vivyo hivyo kama una kisukari, ugonjwa wa moyo, ujauzito, umejifungua karibuni, au mgongo uliowahi kukulaza kitandani. Simaanishi kwamba watu hawa wasifanye mazoezi, maana wengi wao huambiwa na madaktari wao wafanye. Ila waanze wakijua mipaka yao.

Hatua ya 2: Siku ya vipimo

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo maana baada ya miezi mitatu hawana cha kulinganisha. Chagua siku moja, chukua daftari la kawaida la shule, uandike namba hizi:

- Mapigo ya moyo ukiamka, kabla hujashuka kitandani. Hesabu kwa dakika nzima. Yangu yalikuwa 82.
- Mzunguko wa tumbo kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Sentimita 94.
- Kuinuka na kukaa kwenye kiti kwa sekunde 30, mikono imefungwa kifuani. Mara 14.
- Pushapu. Nilianza na za magoti, nikapata 4.
- Kuning'inia kwenye chuma cha juu mpaka mikono iachie. Sekunde 11.
- Umbali unaoweza kwenda kwa dakika 12, kwa kutembea, kukimbia, au kuchanganya.

Kipimo hiki cha mwisho kilianzishwa na daktari wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, na kikajulikana tangu 1968. Nakipenda kwa sababu hakidai kifaa chochote isipokuwa saa. Nilikifanya kwenye uwanja wa shule nikahesabu mizunguko, nikapata mita 1,150, nyingi zikiwa za kutembea. Kama una kiwanja chenye njia rasmi ya kukimbilia, mzunguko mmoja ni mita 400 na hesabu ni rahisi.

Mizani pia nilipanda, kilo 71. Nakuomba uandike uzito huo kisha uusahau kwa muda. Namba ya mizani inachanganya misuli, mafuta, maji na chakula cha jana, na inaweza kukaa palepale huku mwili wako ukiwa umebadilika kabisa.

Mwisho, chagua jambo moja la maishani litakalokuwa shahidi wako. Mimi nilichagua kupanda Morningside, lile jengo la enzi ya Wajerumani lililo kwenye miteremko ya Uluguru juu ya mji wetu. Nilitoka nyumbani hadi pale kwa saa 2 na dakika 35, nikisimama kila kona, wanakijiji waliojitwisha ndizi vichwani wakinipita na kunipa pole. Kwako inaweza kuwa ngazi za ofisini, ndoo ya maji kutoka bombani, au mtoto unayembeba mgongoni.

Hatua ya 3: Andika programu yote kabla ya kuanza

Programu ni karatasi inayosema siku gani, zoezi gani, uzito gani, marudio mangapi, na utaongezaje. Ukifika gym na kuanza kujiuliza "leo nifanye nini," huna programu. Hii ndiyo niliyofuata, na kwa mtu anayeanza inatosha kabisa:

Siku A: skwati seti 3 za mara 5; benchi, yaani kulala chali na kusukuma nondo kutoka kifuani, seti 3 za mara 5; kuinama na kuvuta nondo hadi tumboni, seti 3 za mara 8.

Siku B: dedilifti, yaani kuinua nondo kutoka chini hadi usimame wima, seti 2 za mara 5; kusukuma dambeli, yaani vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono, juu ya kichwa, seti 3 za mara 8; kuning'inia na kujivuta juu, seti 3 kadiri unavyoweza.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, A na B zikipokezana: wiki hii A-B-A, wiki ijayo B-A-B. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni siku za pumzi, nitazieleza mbele. Jumapili ni kupumzika, na kupumzika huko kumo kwenye programu kama zoezi lolote. Kati ya seti, kaa dakika 2 hadi 3. Nilikuwa nikiona aibu kukaa muda wote huo wengine wakihangaika, lakini misuli inayoinua uzito inahitaji muda huo kurudisha nguvu. Ukiharakisha, seti ya tatu itaanguka na utadhani umedhoofika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani ya moyo, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Ukiifuata programu hii utakuwa umetimiza yote mawili.

Huna gym jirani? Chukua madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 lililojaa ni kilo 20 na plastiki kidogo juu yake, na unaweza kupima uzito kwa kumimina. Kumbatia dumu kifuani kwa skwati, liinue kutoka chini kwa dedilifti, vuta moja kwa kila mkono ukiwa umeinama. Pushapu zichukue nafasi ya benchi, na tawi imara la mwembe liwe la kujivuta. Kila mara unapotakiwa kuongeza, ongeza lita. Sioni kama mtu wa madumu anapungukiwa chochote katika miezi mitatu ya mwanzo.

Hatua ya 4: Anza na uzito unaouona mwepesi mno

Kocha wa gym yetu aliponipa nondo tupu nilijua nina nguvu kuliko ile. Kweli nilikuwa naweza kubeba zaidi siku hiyo. Lakini mishipa inayofunga misuli kwenye mifupa hukomaa polepole kuliko misuli yenyewe, na wiki za kwanza nguvu nyingi unazopata zinatokana na ubongo kujifunza kuita misuli kwa pamoja na kwa mpangilio. Kazi ya wiki mbili za mwanzo ni kujifunza njia ya nondo. Chagua uzito ambao ukimaliza mara 5 unajua ungeweza kufanya nyingine 4 au 5. Nilianza dedilifti kwa kilo 30, benchi kwa kilo 20, dambeli za kilo 5 kila mkono.

Siku ya pili na ya tatu utaumwa misuli, hasa mapaja, na kushuka ngazi itakuwa kazi. Maumivu hayo ya kuuma-uma pande zote mbili, yanayopungua ukishapata joto, ni ya kawaida na huisha ndani ya siku chache. Maumivu makali ya sehemu moja, ya kwenye kiungo, yanayochoma ghafla au kushuka mguuni mpaka ganzi, ni jambo jingine. Hapo unaacha siku hiyohiyo, na yakiendelea unaenda kuonwa.

Hatua ya 5: Jifunze njia ya nondo

Skwati. Simama miguu ikiachana upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vimeelekea nje kiasi. Nondo ikae juu ya nyama ya mabega, siyo juu ya mfupa wa shingo. Vuta pumzi ijaze tumbo, kaza tumbo kama mtu anayejua anataka kusukumwa, kisha kaa chini kana kwamba unafuata kigoda cha jikoni kilicho nyuma yako. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, yasiingie ndani. Visigino visiinuke. Shuka mpaka nyonga ifike usawa wa goti, ukiweza, halafu simama. Sisi tuliokulia kwenye kupika tukiwa tumekaa kwenye kigoda na kuosha vyombo tukiwa tumechuchumaa tuna bahati hapa: nyonga zetu zinaijua njia hiyo. Tulichosahau ni kuipitia tukiwa na mzigo.

Dedilifti. Nondo iwe juu ya katikati ya unyayo, karibu kugusa muundi. Inama kwa kurudisha makalio nyuma, shika nje kidogo ya miguu, nyoosha mgongo uwe kama ubao, kisha sukuma ardhi kwa miguu. Nondo ipande ikiparuza miguu, isikimbie mbele. Kuna jambo moja ambalo gym nyingi za mtaani hazilitazami: sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, na ndizo zinazoiweka nondo katikati ya muundi. Sahani zetu ndogo huiacha nondo chini mno, nawe unalazimika kukunja mgongo kuifuata. Weka matofali au vipande vya mbao chini ya sahani za kila upande mpaka urefu ufanane. Nilifanya hivyo kuanzia wiki ya pili, na maumivu ya kiuno niliyokuwa nikiyapata yakaondoka.

Kwa benchi na skwati usifanye peke yako. Awepo mtu wa kukusimamia, au chuma za kuzuia pembeni. Mwambie kabla ya kuanza: "Nikikwama, shika." Usione haya kumwambia hata kama humfahamu. Watu wa gym wanaielewa lugha hiyo.

Hatua ya 6: Ongeza, kidogo, na uandike

Hapa ndipo penye programu yenyewe. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha njia aliyoitumia kwa askari waliojeruhiwa viungo. Badala ya kuwapa vizito vyepesi wavirudie mara nyingi kama ilivyokuwa desturi, aliwapa vizito vya kuwatosha kisha akaviongeza kadiri nguvu zao zilivyorudi. Mazoezi ya nguvu tunayofanya leo yanatembea juu ya wazo hilo. Mwili huzoea kile unachoupa. Ukiupa kilekile, unabaki ulipo.

Kanuni niliyofuata: nikimaliza seti zote kwa marudio yote, mara ijayo naongeza kilo 2.5. Kwa dedilifti niliongeza 5 mwanzoni, kisha 2.5 nilipofika kilo 55. Kwa dambeli, nilikaa kwenye uzito uleule mpaka mara 8 ziwe mara 10 katika kila seti, ndipo nikachukua zilizo nzito zaidi. Nikishindwa kumaliza marudio, narudia uzito uleule siku inayofuata ya zoezi hilo. Nikishindwa mara tatu mfululizo kwa uzito mmoja, napunguza asilimia 10 na kuanza kupanda upya.

Tatizo letu lilikuwa sahani. Ndogo kabisa pale gym ilikuwa kilo 2.5, na kwa kuwa unaweka pande zote mbili, kuongeza kidogo kabisa kulikuwa kilo 5. Kwa mwanamke anayesukuma kilo 20 kwenye benchi, kilo 5 ni robo ya mzigo wote! Nilishona vifuko viwili vya kitenge, nikajaza mchanga, nikaenda kwa muuza duka akanipimia kilo moja na robo kila kimoja. Nikawa navifunga kwa kamba mwisho wa nondo, kila upande kimoja. Nasema bila kusita kwamba vifuko vile vilinisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichonunua mwaka ule.

Sasa tazama mistari ya skwati, ilivyo kwenye daftari:

Wiki ya 1: kilo 20, kisha 22.5.
Wiki ya 2: 25.
Wiki ya 3: 27.5, kisha 30.
Wiki ya 4: 32.5.
Wiki ya 5: 35, kisha 37.5.
Wiki ya 6: 40 — "5, 5, 3. Nimekwama. Mtoto alikuwa na homa, sikulala."

Ona maneno yale ya pembeni. Pamoja na uzito na marudio, andika kitu kimoja kuhusu siku yenyewe: usingizi, chakula, kugombana na mtu, na kwa sisi wanawake, siku za mwezi. Baada ya miezi michache daftari litakuonyesha mambo ambayo kichwa kisingekumbuka. Langu lilinionyesha kwamba siku mbili kabla ya hedhi uzito uleule huwa mzito kwangu, na kwamba nikilala chini ya saa 6 seti ya tatu karibu kila mara hukatika. Tangu nilipolijua hilo niliacha kujilaumu siku hizo. Nafanya kilichopo, naandika, naenda nyumbani.

Kuna hesabu moja itakayokusaidia kulinganisha siku zisizofanana. Gawanya marudio kwa 30, jumlisha moja, kisha zidisha jibu hilo kwa uzito. Jibu ni makadirio ya uzito ambao ungeweza kuuinua mara moja tu. Kilo 40 kwa mara 8 inakupa karibu 50.7. Kilo 42.5 kwa mara 5 inakupa karibu 49.6. Kwa hiyo aliyeinua 40 mara nane amefanya zaidi, ingawa sahani zake ni chache. Ni makadirio tu, na ukizidi marudio 10 hayaaminiki sana, lakini yanamwokoa mtu na tamaa ya kuweka chuma kizito kwa ajili ya macho ya watu.

Hatua ya 7: Pumzi

Jumanne na Alhamisi nilitembea haraka dakika 40. Kipimo ni mdomo wako: uweze kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Usipoweza kumaliza sentensi, punguza. Wengi huharibu hapa kwa kukimbia mpaka wahemee kila siku, kisha Jumatano wanafika kwenye nondo wakiwa wamechoka.

Jumamosi ndiyo siku ya kuhema, dakika 70 pamoja na kutembea kwa kupasha na kupoza mwili. Katikati yake: dakika 1 haraka, dakika 2 polepole, mara 6. Kila wiki mbili niliongeza mzunguko mmoja hadi nikafika 10. Kila Jumamosi ya nne niliacha yote hayo nikapanda mlima.

Ijumaa, baada ya vyuma, nilibeba madumu mawili ya lita 20, moja kila mkono, nikatembea hatua 50 kwenda na 50 kurudi, mara nne. Mwanzoni yalikuwa nusu. Zoezi hili linakaza mikono, tumbo, mabega na pumzi kwa wakati mmoja, na bibi zetu wamelifanya maisha yao yote bila kuliita zoezi. Ukilazimika kufanya nguvu na mbio siku moja, tanguliza nguvu.

Hatua ya 8: Sahani ya chakula

Sitaandika mengi, kwa sababu chakula chetu kiko karibu na kinachotakiwa. Mtu anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwangu ni kuanzia gramu 85 hivi. Mayai mawili ni gramu 12, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na dagaa waliokaushwa vizuri karibu nusu ya uzito wao ni protini. Karanga za kiganja kimoja zinaongeza 7 au 8, na ugali au wali nao haukosi kidogo. Nilichobadilisha ni ukubwa wa bonge la ugali na wingi wa maharage, basi. Unga wa protini wa makopo sikununua. Chai ya sukari vikombe vinne kwa siku niliipunguza hadi kimoja, na nadhani kiuno changu kinailipa shukrani hiyo zaidi kuliko mazoezi yote.

Lala kwa muda wa saa 7 au zaidi ukiweza. Mwenye mtoto mchanga asijitese na namba hii, apunguze tu seti.

Hatua ya 9: Programu itakatika, panga itakavyokatika

Ramadhani ilinikuta baada ya wiki ya 6. Miaka ya nyuma ningeacha kila kitu na kurudi baada ya Idi nikiwa mtu mwingine. Safari hii nilikaa na kocha kabla ya mwezi kuandama, tukaandika ukurasa wake: vyuma mara 2 kwa wiki, saa moja na nusu baada ya futari, seti 2 badala ya 3, na uzito ukae robo tatu ya nilipofikia. Skwati ikawa kilo 30. Hakuna kuongeza mwezi mzima. Kutembea kukawa dakika 20 kabla ya kufuturu, polepole, na maji ya kutosha kati ya futari na daku.

Nilidhani nitapoteza. Wiki ya kwanza baada ya Idi nilianza na 35, nikafuata na 37.5, na wiki iliyofuata zile kilo 40 zilizonishinda zikapanda 5, 5, 5. Kupata nguvu ni kazi ndefu, lakini kuitunza inadai kidogo sana, hata theluthi moja ya kazi uliyofanya inatosha kwa wiki kadhaa mradi uzito usishuke mno. Mwezi ule wa kupunguza pia uliupa mwili nafasi ya kupona. Siku hizi, kila baada ya wiki 6, napunguza wiki moja kwa makusudi hata kama hakuna mfungo.

Ukiumwa homa au malaria, maliza dawa, subiri mpaka ule vizuri na utembee nusu saa bila kuhema, ndipo urudi kwa nusu ya uzito. Panda taratibu kwa wiki mbili. Siku uliyokosa haifidiwi kwa kufanya mbili pamoja. Fanya inayofuata.

Na maneno ya watu nayo yatakuja. Mimi niliambiwa nitaota mabega ya kiume, na aliyeniambia ni ndugu anayenipenda. Mwanamke ana homoni ya testosteroni kidogo sana ukilinganisha na mwanaume, na misuli ya kujaza hivyo haiji kwa bahati mbaya. Nilimkaribisha aje kutazama. Sasa yuko wiki ya 5.

Hatua ya 10: Pima tena, siku na saa ileile

Baada ya wiki 12 za programu, ambazo kwangu zilikuwa 16 kwenye kalenda, rudia vipimo vyote kwa mpangilio uleule. Pumzika siku mbili kabla. Hizi ndizo zangu:

Mapigo ya asubuhi: kutoka 82 hadi 73.
Tumbo: kutoka sentimita 94 hadi 88.
Kiti, sekunde 30: kutoka 14 hadi 21.
Pushapu: kutoka 4 za magoti hadi 6 kamili.
Kuning'inia: kutoka sekunde 11 hadi 38. Kujivuta mzima bado, hata mara moja.
Dakika 12: kutoka mita 1,150 hadi 1,520.
Skwati: kutoka 20 hadi 50. Dedilifti: kutoka 30 hadi 70. Benchi: kutoka 20 hadi 32.5. Dambeli: kutoka 5 hadi 9 kila mkono.
Mizani: kutoka 71 hadi 70.

Ningetazama mizani peke yake ningelia kwamba miezi minne imepotea. Soma namba kwa pamoja, zikueleze pa kuelekea. Zangu zinasema miguu na mgongo vimepanda vizuri, kifua kimepanda kiasi, na mikono ya kuvuta imebaki nyuma. Kwa hiyo programu ya pili itaongeza siku ya kujivuta: nitapanda juu kwa kusimama kwenye kiti kisha nishuke kwa sekunde 5, mara 5, seti 3. Ikiwa kwako pumzi ndiyo haikusogea, tazama daftari kabla ya kubadili chochote: je, zile Jumanne na Alhamisi ulizifanya kweli? Programu nyingi zinazolaumiwa hazikufuatwa. Ukikuta uliifanya asilimia 80 ya siku na namba haikusogea, hapo badilisha, na ubadilishe kitu kimoja tu.

Kuongeza kila mara hakutaendelea daima. Baada ya miezi hii ya mwanzo, kilo 2.5 zitaanza kuchukua wiki nzima, kisha wiki mbili, na utakuwa umefika pale ambapo wote waliokutangulia wamepita. Anza programu mpya ukiwa chini kidogo ya ulipoishia, asilimia 90 hivi, upate nafasi ya kupanda.

Morningside nilipanda tena Jumamosi ya mwisho, saa 1 na dakika 58 kutoka mlangoni kwangu. Jumatatu iliyofuata nikafungua daftari jipya: "Skwati, kilo 45. 5, 5, 5."